Magulio ya Thomas Rowlandson

Thomas Rowlandson (1757–1827) alikuwa mchoraji wa Uingereza aliyetumia kalamu ya unyasi na rangi za maji kuchora watu wa zama zake, hasa walipokusanyika: bandarini, kwenye majumba ya michezo ya kuigiza, mahakamani, na kwenye magulio ya mashambani. Wengi humjua kwa vibonzo vya kuwakejeli wakubwa wa London. Lakini katika maelfu ya michoro aliyoiacha, fungu kubwa, na kwa maoni yangu ndilo bora, ni lile la maisha ya shamba: nyumba za wageni kando ya njia, mikokoteni iliyokwama matopeni, vivuko, wanawake wakishindana mbio, na umati wa siku ya gulio.

Ubora huo hauko kwenye mandhari. Miti yake hufanana kutoka picha moja hadi nyingine, na vilima vyake ni vile vile. Uko kwenye umati, kwa sababu umati wake una shughuli zake wenyewe. Wachoraji wengi wa wakati ule walimweka mkulima pembeni kama pambo, kijitu kidogo chini ya mti, ili ukubwa wa mti uonekane. Wengine walijaza watu ili kila mmoja abebe funzo. William Hogarth alifanya hivyo kwenye picha yake ya gulio la Southwark ya mwaka 1733. Kwa Rowlandson hakuna aliyesimama kwa ajili ya mtazamaji. Mmoja anabishania bei ya farasi, wa pili amelewa chakari, wawili wamejificha nyuma ya turubai, mbwa anachomoka na kipande cha nyama, na wote hao hawana habari kwamba kuna mtu anawachora.

Gulio lilikuwa nini

Kiswahili kinatenganisha soko, ambalo huwa wazi siku zote, na gulio, ambalo huitishwa kwa siku yake. Tofauti hiyo inatufaa hapa. Miji mingi ya Uingereza ilikuwa na soko la kila wiki, lakini gulio kubwa lilifika mara moja au mbili kwa mwaka, kwa kawaida karibu na sikukuu ya mtakatifu fulani, na kwa desturi lilisimama juu ya hati ya mfalme. Gulio la Bartholomew, pale Smithfield jijini London, lilipata hati yake mwaka 1133 kutoka kwa Henry I. Aliyepewa ni mtawa Rahere, ambaye mapokeo yanasema alikuwa mchekeshaji wa ikulu kabla ya kuvaa kanzu ya utawa. Lilianza kama gulio la nguo. Weyhill, katika kaunti ya Hampshire, walikwenda kwa kondoo. Nottingham ilikuwa na gulio la bata bukini, walioswagwa kwa miguu kutoka kaunti za mashariki. Inasemekana nyayo zao zilichovywa kwenye lami na mchanga ili zisichubuke njiani.

Gulio lilikuwa na mahakama yake pia, iliyoketi papo hapo na kutoa hukumu kabla mdaiwa hajafunga mizigo na kutokomea. Jina lake, lililotoka kwenye Kifaransa, maana yake ni mahakama ya miguu yenye vumbi, kwa kuwa waliofikishwa mbele yake walikuwa wasafiri ambao hata kunawa walikuwa hawajapata nafasi.

Yalikuwepo vilevile magulio ya kutafuta kazi, mengi yakifanyika baada ya mavuno. Watu walijipanga barabarani, kila mmoja na alama ya kazi yake: mchunga kondoo alichomeka kishungi cha sufu kwenye kofia, mwendesha mkokoteni akafunga kipande cha kamba ya mjeledi, na msichana wa kazi za ndani akashika ufagio wa kudekia. Mkulima alipita, akawatazama, akauliza maswali mawili matatu. Wakikubaliana alimtia mtu shilingi mkononi, na shilingi hiyo ilimfunga kwa mwaka mzima. Mara nyingi haikuiona jioni. Mabanda ya bia, keki za tangawizi, vikaragosi na wanyama wa ajabu yalikuwa hatua chache tu kutoka pale alipoajiriwa, na wenye mabanda walijua vizuri saa ambayo vijana wanashika pesa.

Rowlandson alipoanza kuchora, biashara ilikuwa imekwisha kuanza kuyahama magulio na kuingia madukani, ikabaki zaidi burudani. Mashamba yenyewe yalikuwa yakibadilika haraka. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi iliyokuwa ya matumizi ya wote, jumla ya ekari zipatazo milioni 6.8, na wimbi kubwa la sheria hizo lilipiga katika miaka ya uhai wake. Kwenye picha zake nyua hizo hazionekani sana. Kinachoonekana ni watu wasio na pa kwenda siku nyingine zote za mwaka.

Mtu wa mjini

Hakuwa mtoto wa shamba. Alizaliwa London, mtaa wa Old Jewry. Baba yake alifanya biashara ya sufu na hariri, akafilisika mwaka 1759, na mtoto akalelewa na ami yake James, mwenye kufuma hariri huko Spitalfields, pamoja na mkewe Jane, ambaye ukoo wake ulikuwa wa Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa. Mwaka 1772 aliingia shule ya Royal Academy, baadaye akaenda Paris, na mwaka 1777 Academy ikamtunuku medali ya fedha. Jane alipofariki mwaka 1789 alimwachia fedha nyingi, pauni 7,000 kwa hesabu inayotajwa mara kwa mara, naye akazipeleka kwenye meza za kamari. Husimuliwa kwamba baada ya usiku wa hasara alikuwa akirudi nyumbani, anakaa mezani na kuishika penseli, akiamini kuwa itamrudishia kilichopotea. Ilimrudishia kweli, kwa sababu alikuwa mwepesi mno.

Shamba alilifikia kama msafiri. Mwaka 1784 yeye na rafiki yake Henry Wigstead walipanda gari la farasi wakazuru Salisbury, kisiwa cha Wight na Portsmouth, na michoro ya safari hiyo, ambayo mingi iko katika maktaba ya Huntington huko California, inaonyesha zaidi jikoni za nyumba za wageni kuliko makanisa. Mwaka 1797 wawili hao walikwenda Wales. Baadaye akawa mgeni wa mara kwa mara wa Matthew Michell, mwenye benki, kwenye nyumba yake ya Hengar katika Cornwall. Mgeni huona vitu ambavyo mwenyeji amevizoea, na pia hukosa kuona vingine, nitarudi hapo.

Mkono na zana

Anayetaka kuelewa kwa nini umati wa Rowlandson unatembea na wa wenzake umeganda, aanze na kalamu. Alitumia kalamu iliyochongwa kwa unyasi. Ukiibonyeza, mstari unanenepa. Ukiinyanyua, unakuwa kama uzi. Na haikuruhusu kwenda polepole, kwa sababu wino unafanya doa pale mkono unapositasita. Kwa hiyo mstari wake hauna ncha kali wala pembe. Unapinda kwenye bega la mwanamke, unaingia kwenye mkunjo wa gauni, unatokea kwenye mgongo wa nguruwe aliyelala, bila kukatika. Ukiufuatilia kwa kidole utagundua kwamba watu sita wameunganishwa na mwendo mmoja wa mkono.

Wino wenyewe aliuchanganya. Walioijua kazi yake waliandika kwamba alitia wino mweusi wa China pamoja na rangi nyekundu inayotokana na zebaki, akapata hudhurungi inayoelekea wekundu. Mchanganyiko huo unaonekana hasa usoni na mikononi, mahali ambapo mstari mweusi mtupu ungewafanya watu waonekane kama wamekatwa kwenye bati.

Kazi ilikwenda kwa mpango huu. Kwanza penseli, kwa haraka, kupanga makundi. Kisha kalamu. Kisha kivuli cha kijivu kilichotiwa kwa brashi pana, ili upande mmoja wa umati uingie gizani na mwingine ubaki juani. Mwisho ndipo zikaja rangi, nyepesi kama chai iliyozimuliwa: bluu hafifu mbinguni, manjano ya nyasi kavu, kijani kidogo, waridi mashavuni. Nyeupe hakuipaka, nyeupe ilikuwa karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Aproni ya mchuuzi inayong'aa katikati ya gulio ni mahali ambapo brashi haikugusa.

Zana hizo zilikuwa zimeanza kupatikana kirahisi. Zamani mchoraji alisaga rangi mwenyewe na kuzikoroga na gundi ya mgunga. Ndugu William na Thomas Reeves wa London walitengeneza vidonge vya rangi vinavyolainika mara brashi yenye maji inapovigusa, na mwaka 1781 wakapewa tuzo kwa uvumbuzi huo. Kijisanduku cha vidonge, chupa ya maji na karatasi nzuri ya kiwanda cha Whatman vilitosha kumpeleka mtu safari ya wiki tatu.

Mafundi wa kizazi kilichofuata, Turner na Girtin, wote waliozaliwa mwaka 1775, waliacha njia hii ya kuchora kwanza na kutia rangi baadaye. Wao walijenga picha kwa rangi yenyewe, tabaka juu ya tabaka. Rowlandson hakubadilika. Chama cha wachoraji wa rangi za maji kilipoanzishwa London mwaka 1804, yeye hakuwamo miongoni mwa waanzilishi. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo kwamba alibaki nyuma. Sioni hivyo. Ukungu wa Turner ungewameza wauza samaki wake wote.

Jambo moja zaidi kuhusu mkono wake, maana litahitajika mbele. Mchoro ulipokubalika na wanunuzi, aliurudufu. Alichukua karatasi yenye unyevu, akailaza juu ya mchoro uliotiwa wino wa kutosha, akakandamiza, na ile karatasi ya juu ikatoka na nakala hafifu iliyogeuka, kulia ikawa kushoto. Aliimarisha mistari kidogo, akapaka rangi upya, akauza.

Ndani ya picha

Mpangilio wa picha zake za gulio unafanana na jukwaa la maigizo. Upande mmoja kuna nyumba ya wageni yenye paa lililoinama, kibao kikining'inia na watu wakichungulia madirishani. Upande wa pili mti mkubwa. Nyuma kabisa, mnara wa kanisa kwa bluu hafifu kana kwamba uko nchi nyingine. Katikati ya nguzo hizo mbili umati unapita ukijipinda kama mto, mkubwa na wazi mbele, mdogo na wa vijistari tu nyuma, hadi vichwa vinakuwa nukta.

Wahusika wake wana orodha. Kuna mganga tapeli juu ya jukwaa la mbao, chupa mkononi, na mchekeshaji wake akipiga ngoma ili watu wasogee. Kuna sajini anayetafuta askari, kwa kuwa Uingereza ilipigana na Ufaransa karibu mfululizo kutoka 1793 hadi 1815, na gulio lilikuwa mahali pazuri pa kumkuta kijana mwenye nguvu na bia kichwani. Kuna mpiga fidla kipofu, mwimbaji anayeuza nyimbo zilizochapwa kwenye karatasi, wanaume wawili waliovua mashati kwa ndondi, na mwizi wa mifukoni ambaye mtazamaji humwona kabla ya anayeibiwa. Karibu kila mara kuna msichana mzuri na mzee mnene anayemkodolea macho. Kichekesho hicho alikirudia mpaka kikachosha.

Mwaka 1811 alitoa picha kadhaa za michezo ya shamba, na mbili kati yake zinafaa kutazamwa kwa karibu. Moja ni ya mbio za shimizi. Ulikuwa mchezo wa kawaida wa magulio: wasichana walikimbia, na wa kwanza alipewa shimizi ya kitani, nguo iliyokuwa na thamani kwa mtumishi wa ndani. Rowlandson anawapa wakimbiaji vifua vinavyoyumba, viatu vinavyochomoka na nyuso zilizoiva kwa joto, na anawapanga watazamaji ambao wengi hawatazami mbio bali miguu. Ni picha ya mzaha wa wanaume. Lakini pia ni miongoni mwa picha chache za wakati ule ambamo mwanamke maskini anatumia mwili wake kwa nguvu zote, bila mzigo kichwani wala mtoto mgongoni, na kwa faida yake mwenyewe.

Ya pili inahusu tukio halisi. Mwezi Oktoba mwaka huo wanawake kumi na mmoja wa Hampshire walicheza kriketi dhidi ya kumi na mmoja wa Surrey, katika uwanja wa Ball's Pond nje kidogo ya London, kwa dau la watu wa tabaka la juu. Wanarusha, wanapiga, wanakimbia huku wameshika magauni kwa mkono mmoja. Kejeli ipo, ila mkono uliozoea kuchora mwendo haukuweza kudanganya kuhusu mwendo: yule anayepiga mpira anaupiga sawasawa.

Nilisema mgeni hukosa kuona baadhi ya vitu. Watu wa gulio la Rowlandson wana mashavu mekundu na matumbo ya kujaa. Miaka ya 1795 na 1800 mkate ulipanda bei Uingereza hadi watu wakafanya ghasia, na vibarua wa mashambani ndio walioumia zaidi. Hilo huwezi kulijua kwa kutazama magulio yake. Wanunuzi wake walikuwa watu wa mjini na wenye mashamba, waliotaka shamba lililoshiba, lenye kelele na lisilo na madai. Vikongwe wake nao amewachora kwa ukatili: pua zinakutana na videvu, na hakuna hata mmoja anayepewa nafasi ya kuwa na busara. Kwenye michoro ya uzeeni alilinganisha nyuso za watu na za wanyama, na ukishaiona hiyo unaanza kuwaona mbuzi na bata kwenye umati wa picha za awali.

Dukani

Picha za rangi za maji zilikuwa moja moja, za kununuliwa na wachache. Umaarufu ulikuja kwa chapa. Rudolph Ackermann, Mjerumani aliyekuwa na duka kwenye mtaa wa Strand, alimpa kazi kubwa zaidi ya maisha yake: *Microcosm of London*, juzuu tatu zilizotoka kati ya 1808 na 1810, zenye picha 104. Kazi iligawanywa. Augustus Charles Pugin alichora majengo kwa rula, Rowlandson akayajaza watu. Unaona wazi mahali ambapo mmoja aliachia na mwingine akapokea. Kwenye picha ya gulio la Bartholomew karibu hakuna jengo la kumzuia. Ni mabanda, maonyesho, bembea na kichwa juu ya kichwa, na Pugin hana la kufanya. Kila nakala ilitiwa rangi kwa mkono, na Ackermann aliajiri kwa kazi hizo wakimbizi wa Kifaransa waliotoroka Mapinduzi.

Thomas Tegg, mchapishaji mwingine, aliuza chapa za bei rahisi, na kazi alizomfanyia Rowlandson zinaonyesha haraka: wino mzito, nyekundu na manjano zinazopiga kelele, vichekesho vya chooni. Mtu akianza kumjua kwa hizo atashangaa anasifiwa kwa nini.

Kilichouzwa kuliko vyote ni safari za Daktari Syntax, mwalimu aliyekonda anayepanda farasi mzee kwenda mashambani kutafuta mandhari za kuchora. Zilitoka kwenye jarida kuanzia mwaka 1809 na kuwa kitabu mwaka 1812. Utaratibu wake ulikuwa wa ajabu. Mashairi yaliandikwa na William Combe, aliyekuwa chini ya kifungo cha madeni. Alipelekewa picha moja kila mwezi, anaitungia beti bila kujua inayofuata itakuwa nini. Yule daktari anapita katikati ya maisha ya shamba akitafuta gofu zuri la kuchora, na maisha yanampiga kumbo, kumtumbukiza majini na kumwibia. Sidhani kuna mahali pengine ambapo Rowlandson alisema wazi zaidi alichofikiria kuhusu wachoraji wenzake.

Halali na bandia

Alifariki mwezi Aprili 1827. Mwaka uliofuata mali yake ya michoro na chapa ilipigwa mnada na Sotheby kwa siku kadhaa. Leo michoro yake imetawanyika: Royal Collection, British Museum, jumba la Victoria na Albert, kituo cha sanaa ya Uingereza cha Yale, Huntington. Magulio yenyewe hayakudumu muda mrefu baada yake. La Bartholomew lilifungwa mwaka 1855, na sheria ya mwaka 1871 ikarahisisha kufuta mengine kwa hoja kwamba yanaleta ulevi na uhuni.

Makumbusho huonyesha rangi za maji kwa muda mfupi na kwenye mwanga hafifu, kwa kawaida lux 50 hivi, kwa sababu bluu ya nili hufifia. Michoro iliyoning'inizwa ukutani kwa vizazi imepoteza mbingu yake. Imebaki na wino mwekundu na waridi, na wasiojua huona kwamba mchoraji alipenda machweo.

Bandia ni nyingi mno. Alichora sana, aliigwa sana, na wauzaji wa baadaye waliandika jina lake kwenye karatasi zisizo zake. Mtaalamu huinua karatasi dhidi ya mwanga kusoma alama ya maji, maana viwanda vilitia mwaka, na mchoro ulioandikwa 1790 juu ya karatasi ya 1812 una maswali ya kujibu. Kisha hutazama mistari ya kivuli. Mtu wa mkono wa kulia huivuta kutoka juu kulia kwenda chini kushoto. Ikilala upande mwingine, huenda ni ile nakala iliyokandamizwa kwa karatasi yenye unyevu, ambayo bado ni ya mkono wake lakini ni ya pili. Njia ya haraka zaidi ni kumtafuta mpiga fidla katikati ya gulio, na kuangalia upinde ameushika kwa mkono gani.